Mtihani na Ufahamu

Mtu aendaye Muleba kutoka Bukoba kwa barabara hupita Kemondo, kisha huingia Izigo. Mkono wake wa kushoto liko ziwa, na mkono wake wa kulia vimesimama vilima vya nyasi na mashamba ambamo mibuni hukua chini ya kivuli cha migomba, kama ilivyo desturi ya nchi yote ya Wahaya. Ni nchi iliyoshika elimu ya shule mapema, na wazazi wake wengi wamezoea kuwaona watoto wao wakifuata masomo mbali. Kwa hiyo si ajabu kumkuta huko, wakati wa likizo, kijana aliyemaliza mwaka wa tatu wa fizikia katika chuo kikuu, ambaye karatasi yake ya matokeo imejaa alama za juu katika mekanika ya kwanta, katika elimu ya sumaku na umeme, na katika elimu ya joto.

Msomaji na amfikirie kijana wa namna hiyo, si kwa jina, maana ni mfano tu. Ameketi jikoni kwa bibi yake. Chungu cha ndizi ki juu ya mafiga, kimefunikwa kwa majani ya mgomba, na maji yamekwisha kuchemka. Bibi anauliza, "Mjukuu wangu, wewe uliyesomea habari za moto, niambie. Maji yakishachemka hivi, nikiongeza kuni, ndizi zitaiva upesi zaidi?" Kijana anajibu bila kusita, "Ndiyo, bibi. Moto ukizidi na joto huzidi."

Jibu hilo si kweli. Maji yachemkayo katika chungu kisichobanwa mdomo hayazidi joto lake hata moto uwe mkubwa namna gani. Kinachozidi ni mvuke, na kuni hupotea bure. Tena katika nchi hiyo, ambayo ziwa lake li mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, wala hayapandi kufika 100 kwa kubembelezwa na kuni. Kijana ana habari ya mambo haya. Wiki chache kabla ya likizo aliuandika katika chumba cha mtihani mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, ambao huonyesha jinsi kiwango cha mchemko kinavyofuata mgandamizo wa hewa. Aliuthibitisha hatua kwa hatua, akapata alama zote. Lakini mlinganyo na chungu havijapata kukutana kichwani mwake.

Swali lililopo si la fizikia peke yake, ni la haki pia. Kiswahili huiita hati ya chuo kikuu shahada, na mtu akilitazama neno hili vema ataona ya kuwa ni ndugu wa ushahidi. Chuo kinapompa mtu shahada husimama mbele ya watu kikashuhudia ya kuwa mtu huyu anafahamu. Kama alichopima mtahini ni mwendo wa mkono juu ya karatasi, na anachoshuhudia chuo ni ufahamu wa akili, basi yametolewa maneno ambayo shahidi hakuyaona kwa macho yake. Barazani mtu wa namna hiyo ana jina lake. Je, chuoni aitwe nani?

Ugonjwa huu si wa Afrika ya Mashariki peke yake. Richard Feynman alipofundisha Rio de Janeiro mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwakuta wanafunzi walioweza kutaja upesi kanuni ya nuru inayorudishwa na kioo au maji, na pembe ambayo nuru hiyo huelekea upande mmoja tu. Alipowaambia watazame ghuba iliyokuwa mbele ya dirisha kwa kipande cha kioo cha kuchuja nuru, walistaajabu, kwa maana hapana aliyekuwa amewaambia ya kuwa maji ya ghuba ni yale yale maji ya kitabuni. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitangaza ya kuwa wanafunzi wengi waliopita masomo ya mwendo waliendelea kuamini walichoamini kabla ya kuingia darasani, yaani ya kuwa kitu hakiendi ila kikisukumwa daima. Mwaka 1992 Hestenes na wenzake walitoa kipimo chenye maswali ya kuchagua yapatayo 30, yote ya dhana ya kani, bila hesabu ndefu. Eric Mazur, profesa wa Harvard, alikitazama akaona ni chepesi mno kwa watu wake, hata hivyo akawapa. Mwanafunzi mmoja akamwuliza namna ya kujibu: afuate aliyofundishwa, au afuate vile anavyofikiri yeye mwenyewe?

Swali hilo lastahili kukaliwa kitako. Mwanafunzi huyo hakuwa mjinga. Yamkini alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliokaa kimya, kwa kuwa alikiri mbele ya mwalimu wake ya kuwa ndani yake mna nyumba mbili, moja ya mtihani na moja ya kuishi, wala mlango kati yao haupo. Wako wanaodhani dawa ni kuongeza mazoezi. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Korea, Eunsook Kim na Sung-Jae Pak, walionyesha ya kuwa wanafunzi waliokwisha kukokotoa, kwa wastani, maswali zaidi ya 1,000 bado walitatizika na dhana zile zile za msingi. Mtu aweza kuvuka daraja mara elfu asijue limesimama juu ya nini.

Hapa mtetezi wa mtihani wa kale hunyanyua mkono, na hoja yake si ya kupuuzwa. Husema ya kuwa mambo haya huwapata wanaoanza. Huko juu, katika masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, dhana na hesabu ni kitu kimoja. Elektroni si kidonge cha kuonekana, wala wimbi lake si wimbi la ziwa. Feynman mwenyewe aliwahi kusema katika miaka ya 1960 ya kuwa hapana mtu aifahamuye mekanika ya kwanta. Ikiwa bingwa hafahamu, kwa nini mwanafunzi wa Izigo adaiwe ufahamu? Na akokotoe vema, apewe haki yake.

Hoja hii ina kweli nusu. Ni kweli ya kuwa si kila dhana ina picha, na mtahini adaiye picha mahali pasipo na picha humdhulumu mwanafunzi. Lakini ufahamu si picha. Mtu afahamuye mlinganyo hujulikana kwa mambo mengine: hutangulia kukisia jibu litakuwa la namna gani kabla ya kulitafuta, hujua mlinganyo huo unasema juu ya nini na unanyamaza juu ya nini, huona aibu jibu lake likitoka na uzito wa elektroni sawa na uzito wa ng'ombe. Zaidi ya yote hujua mpaka. Kila kanuni ya fizikia ina nchi yake, na ng'ambo ya mpaka haitawali. Aliyekariri hana habari ya mpaka, kwa sababu maswali aliyozoea yote yalitungwa ndani ya nchi.

Mambo haya yaweza kuulizwa hata kwa wanafunzi wa juu. Katika Chuo Kikuu cha Colorado kimetungwa kipimo cha umeme tuli kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho, ambacho huwakataza kukokotoa. Mwanafunzi huonyeshwa tatizo, akaambiwa ataje njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kulitatua na aeleze kwa nini njia hiyo yafaa, kisha aache hapo. Kwa mtu aliyezoea kujaza kurasa nne za alama, amri ya kuacha ni ngumu kuliko amri ya kuendelea.

Tanzania inao mfano wake, nao umejulikana duniani kote, ingawa aghalabu husimuliwa kama kichekesho cha barafu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa chache. Mpemba, kwa kuogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi maziwa yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka yakiwa baridi yalikuwa bado uji mzito. Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu. Mwalimu akamjibu ya kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aisikrimu mjini Tanga alimwambia ya kuwa hata yeye huweka mchanganyiko ungali moto, maana huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akasema ya kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea, darasa lilimkumbusha fizikia yake hiyo. Kisha akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha siku zile, kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaocheka akauliza: vyombo viwili sawa, maji sawa, kimoja kwa nyuzi 35 na kimoja kwa nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Osborne amekiri ya kuwa alidhani kijana amekosea, ila alikumbuka ya kuwa swali la mwanafunzi halipasi kudharauliwa. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari ya kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kwa nia njema ya kuwa watarudia jaribio hadi wapate jibu lililo sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la mafundisho ya fizikia la Uingereza, na jina la Mpemba likaingia vitabuni.

Wengi hulikomea simulizi hapo, wakashangilia mnyonge aliyeshinda. Lakini simulizi halikomi hapo. Mambo ya namna hiyo yaliwahi kutajwa na Aristotle, na Francis Bacon, na Descartes. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora, yakaja majibu yapatayo 22,000. Wengine walitaja mvuke unaopunguza maji, wengine mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine tabia ya maji kupoa chini ya sifuri pasipo kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walijaribu kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakupata ushahidi wa kutegemewa ya kuwa jambo hilo lipo kwa maji ya kawaida. Hata mahali pa kipimajoto ndani ya chombo, kikipanda au kushuka kidogo, chaweza kugeuza matokeo. Hadi leo wataalamu hawajakubaliana.

Basi na aje mtahini apimaye kwa kulinganisha jibu na ufunguo wa majibu. Mwaka 1963 angempa Mpemba sifuri. Mwaka 1969 angempa alama zote. Mwaka 2016 angeikuna karatasi na kuandika alama ya kuuliza. Akili ya kijana ni ile ile, swali ni lile lile, na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni ufunguo mfukoni mwa mtahini. Ikiwa ufahamu ni mali ya anayefahamu, haiwezekani upande na kushuka kwa sababu ya mambo yanayotukia mbali naye miaka 50 baadaye. Alichokuwa nacho Mpemba, ambacho darasa zima la Mkwawa halikuwa nacho, ni kuona ya kuwa kanuni ya kupoa na jokofu la shule vinapaswa kuzungumza pamoja, na ya kuwa siku ile havikupatana. Alisimama juu ya mpaka wa kanuni akauona, hata asipojua ng'ambo kuna nini.

Lazima kumtendea haki na mwalimu pia. Kwa kitu kipoacho kwa kufuata kanuni ya Newton na si zaidi, cha moto hakiwezi kumpita cha baridi. Ni sharti kwanza kipitie pale cha baridi kilipoanzia. Hesabu yake ilikuwa safi. Kosa lake lilikuwa kudhani ya kuwa maziwa yameahidi kufuata kanuni hiyo peke yake. Na hapa kuna neno la kuwatisha walimu kidogo: katika mtihani wa kawaida mwalimu huyo angefaulu, na Mpemba angeanguka.

Huenda msomaji akasema ya kuwa barafu ni mchezo, hapana adhurikaye. Na asogee hatua chache kutoka Izigo, arudi Kemondo. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia bandari ya Kemondo kupakia, ikaelekea Mwanza. Ilitengenezwa kwa abiria wapatao 430, na waliokuwamo walizidi mno hesabu hiyo. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa karibu kufika, ilipinduka. Watu zaidi ya 800 walipotea. Katika vijiji vya upande huu wa ziwa wapo hata leo wanaohesabu miaka kwa msiba ule.

Meli ilielea kwanza chini juu, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Habari zilizoandikwa, na zinazosimuliwa hadi sasa, zasema ya kuwa waokozi walisikia watu wakigonga kutoka ndani, wakatoboa bati la kitako cha meli ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa nguvu, meli ikazama. Si haki mtu aliyeketi mezani kuwahukumu waliosimama juu ya bati lile wakisikia mlio ule chini ya miguu yao. Kungoja nako kulikuwa mauti, na huruma iliyoshika kifaa ilikuwa huruma ya kweli. Lakini jambo lenyewe ni la fizikia, na fizikia yake ni ya zamani kuliko Newton. Hewa iliyonaswa haikai hivi hivi. Imebanwa na maji yaliyoingia chini yake. Ikiwa uso wa maji ndani ya meli u mita 2 chini ya uso wa ziwa, basi hewa ya ndani hulisukuma kila eneo la mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 2 zaidi ya hewa ya nje. Tundu la juu humfungulia mlango msukumo huo, na kadiri hewa inavyotoka ndivyo maji yanavyopanda kuchukua mahali pake, mpaka kielezi hakipo tena.

Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu, akipewa swali la kukokotoa mgandamizo kwenye kina cha mita 2, hucheka. Hilo ni la sekondari. Lakini na aulizwe hivi: chombo kimepinduka nacho chaelea, tundu likitobolewa ubavuni, chini ya uso wa ziwa lakini juu ya uso wa maji yaliyomo ndani, je, maji yataingia au hewa itatoka? Aliyekariri atasema maji yataingia, kwa kuwa tundu liko majini. Afahamuye ataona ya kuwa hewa ya ndani ina mgandamizo wa kina cha uso wa maji ya ndani, nao wapita mgandamizo wa ziwa penye tundu. Kwa hiyo hewa itatoka kwa mapovu, na chombo chaweza kuzama vile vile, ingawa polepole zaidi. Swali hili halihitaji kalamu. Laweza kumwangusha mtu ajuaye milinganyo ya Maxwell kwa moyo. Na wenye shahada ndio huitwa ufukweni kuulizwa la kufanya.

Pamoja na hayo, kuulizana ana kwa ana, ambako wengi hukupendekeza, kuna mizigo yake. Mzigo wa kwanza ni wa hesabu tu: mwalimu mwenye wanafunzi 200, akimpa kila mmoja dakika 20, atakaa saa 66 na zaidi, na wakuu wake wangali wakingoja alama Ijumaa. Mzigo wa pili ni wa malezi. Kijana aliyelelewa vema katika nyumba nyingi za nchi hii hamkatizi mkubwa maneno wala hamtazami sana usoni. Binti naye hufundishwa zaidi ya hapo. Mtahini mgeni wa adabu hizi aweza kuusoma unyamavu kama ujinga, na usemaji kama akili. Mtihani wa karatasi, pamoja na upofu wake wote, haumwoni mwenye haya.

Mzigo wa tatu ni wa lugha, nao ni mzito kuliko yote. Tangu sekondari mwanafunzi wa Tanzania husoma fizikia kwa Kiingereza. Nyumbani, katika Kiswahili cha kila siku, neno nguvu hubeba mambo ambayo fizikia huyatenga mbalimbali. Uzito hubeba mawili. Joto hubeba la mwili na la moto. Ni kweli Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na maneno kama kani na nishati yakapata makao, lakini makao hayo hayajafika chuo kikuu. Kwa hiyo hutukia mambo mawili yaliyo kinyume. Mmoja huficha ujinga wake ndani ya sentensi ya Kiingereza aliyoikariri nzima, na mtahini huipokea kwa kuwa ni nzuri. Mwingine anafahamu barabara, ila sentensi yake imevunjika mgongo, na mtahini huitupa pamoja na kilichomo. Mtahini wa dhana asiyewaruhusu hawa wawili kujieleza kwa lugha wanayofikiria hapimi dhana. Apima Kiingereza, kisha aandika jina la fizikia juu ya karatasi.

Wala isidhaniwe ya kuwa ufahamu ni maneno tu, ya lugha yoyote. Ardhi ya Kemondo ina mavi ya chuma ya tanuri za kale. Peter Schmidt na Donald Avery, katika makala yao ya mwaka 1978 katika jarida la Science, walisema ya kuwa Wahaya walifua chuma chenye kaboni ya kadiri ya feleji miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ili kujua kazi ilivyofanywa, mwaka 1976 waliwaomba wazee walioiona ujanani wajenge tanuri tena. Kazi ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi, na wazee iliwalazimu kukumbushana na kujaribu. Walichimba shimo, wakatumia udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kale, wakachoma matete ya bwawani mpaka yakawa makaa na kuyajaza shimoni, wakaweka mirija ya udongo na mivuo. Watafiti waliona katika makaa ya matete njia ya kuikutanisha kaboni na chuma, na katika mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri njia ya kuipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wazee walikuwa na maelezo mengine, yaliyoifananisha tanuri na tumbo la uzazi, yenye miiko yake. Baadaye wataalamu wengine wa madini waliyapinga maelezo ya watafiti juu ya hewa ile ya moto, na ubishi huo uliendelea kwa miaka.

Lau mtahini wa dhana angewapa wazee wale karatasi yake wasingepata hata alama moja. Lau wazee wangewapa wataalamu udongo, matete na mivuo, yamkini tanuri lingepoa bila chuma. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikikosa, na ni vigumu kusema kwa neno moja ni upi uliofahamu. Mtu akisema ni wazee, aeleze kwa nini hawakuweza kutangulia kusema nini kitatukia matete yakibadilishwa. Akisema ni wataalamu, aeleze kwa nini walibishana. Vyuo vikuu hupima upande mmoja tu wa mambo haya, kisha hutoa shahada kana kwamba vimepima pande zote.

Huko jikoni Izigo kijana bado ameketi. Bibi hakumwambia ya kuwa amekosea. Aliinama akavuta magogo mawili kutoka motoni, akayazima kwa majivu, akayaegemeza ukutani. Maji yakaendelea kuchemka kama kwanza. Kijana akayatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bibi, umeyatoa kwa nini?"

"Ya kesho," bibi akasema.

Kijana akainua jani la mgomba kidogo, akatazama tena ndani ya chungu.